Kuzaa Si Kazi: Mwaka Mmoja na Nusu wa Mama Chui

Nenda Serengeti na basi la ziara ya wanafunzi, simba utamwona. Atakuwa amelala kando ya barabara, hana habari na kamera zenu. Tembo utamwona, nyumbu utawachoka. Chui ndiye atakayewatesa. Dereva atazunguka bonde la Mto Seronera akikodolea macho matawi ya migunga na miegea, akitafuta kitu kimoja tu: mkia unaoning'inia. Mkibahatika mtaona huo mkia na nusu ya mgongo. Na hata hao wenye bahati, ni wachache mno waliowahi kumwona chui akiwa na watoto wachanga.

Ukifikiria vizuri, jambo hili linashangaza. Chui si mnyama wa sehemu moja. Yupo kwenye misitu ya Kongo, yupo kwenye nyika kame za Samburu, yupo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mpaka leo yupo katika hifadhi inayopakana na jiji la Nairobi. Nje ya Afrika anapatikana Arabuni, India, hadi mashariki ya mbali ya Urusi. Sasa mnyama aliyeenea hivyo anawezaje kukuza watoto bila watu kumwona?

Jibu fupi ni kwamba kwake yeye kujificha ndiyo malezi yenyewe. Makala hii inaeleza malezi hayo hatua kwa hatua, tangu mimba hadi mtoto kujitegemea. Kisha tutalijadili jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja: chui mmoja akiuawa, kwa mtego, kwa sumu au kwa risasi yenye kibali, hesabu ya waliokufa ni ngapi? Wengi wetu tutajibu mmoja. Ukishaelewa chui anavyolea, utaona kwamba jibu hilo mara nyingi si sahihi.

Chui si duma, na si simba mdogo

Tuanze kwa kuondoa mkanganyiko wa kila siku. Picha nyingi zinazosambaa kwenye magrupu zikiitwa za chui ni za duma. Duma ni mwembamba, miguu mirefu, madoa yake ni nukta nyeusi zilizojaa, na ana mistari miwili myeusi iliyoshuka kutoka machoni hadi mdomoni kama machozi. Chui amejaa shingo na mabega, miguu yake ni mifupi, na madoa yake mengi ni ya duara lililokatikakatika, katikati pakiwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Madoa hayo hayafanani kati ya chui mmoja na mwingine, kama alama zetu za vidole. Ndiyo maana watafiti wakifunga kamera za kujipiga zenyewe porini wanaweza kusema huyu ni yule wa juzi na huyu ni mgeni.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye maisha. Simba jike anaishi na dada zake na shangazi zake. Wanawinda pamoja, na mmoja anaweza kunyonyesha mtoto wa mwenzake. Chui jike hana ndugu wa kumsaidia. Ana eneo lake, anawinda peke yake, anakula peke yake, na akizaa analea peke yake. Na tusidanganyike na jina la "paka mkubwa". Chui jike wa huku kwetu mara nyingi ana kilo 35 hadi 40 hivi, yaani ni mwepesi kuliko wengi wetu hapa chuoni. Kwa mwili huo anapaswa kulisha familia mbele ya simba na fisi, ambao mara nyingi humzidi uzito na idadi.

Maeneo yao yamepangika. Dume ana eneo kubwa, na ndani yake mna maeneo ya majike kadhaa. Penye swala wengi, eneo la jike linaweza kuwa dogo. Penye ukame linapanuka sana, maana chakula kimetawanyika. Mipaka huwekwa kwa mkojo, kwa kukwaruza miti, na kwa sauti. Sauti ya chui si ngurumo kama ya simba. Ni mkoromo wa kukatakata, kama fundi seremala anayevuta msumeno kwenye ubao mgumu. Ukiisikia usiku porini, huyo anawaambia wenzake: mimi nipo, msinisogelee.

Mimba ya miezi mitatu

Jike akiwa tayari, huita na kuacha harufu kwenye njia zake. Dume humfuata, hukaa pamoja siku chache wakipandana mara nyingi, kisha kila mmoja anashika njia yake. Chui hana msimu maalumu wa kuzaa, anaweza kuzaa mwezi wowote.

Mimba huchukua siku 90 hadi 105. Ni muda mfupi, na una maana yake. Jike anayewinda peke yake kwa kunyata na kurukia hawezi kubeba tumbo zito kwa muda mrefu, kwa sababu siku asipoweza kuruka ndiyo siku atakayolala njaa. Kwa hiyo watoto huzaliwa wakiwa bado wachanga sana. Kwa kawaida ni wawili, wakati mwingine mmoja au watatu. Kila mmoja ana uzito wa karibu nusu kilo, sawa na pakiti ndogo ya sukari. Macho yamefumba, na hufunguka baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Manyoya yao ni ya kijivu, maana madoa yamesongamana kiasi kwamba huwezi kuyatofautisha. Rangi hiyo ndani ya kivuli cha mwamba haionekani kabisa.

Hesabu ya maziwa na nyama

Jike huzalia mahali pa siri: kwenye nyufa za vilima vya mawe kama vile vya Serengeti, kwenye kichaka kizito, kwenye pango, au kwenye shimo la mti. Hapo ndipo hesabu ngumu inapoanza. Watoto wanahitaji maziwa. Maziwa yanahitaji nyama. Nyama iko nje. Akikaa na watoto, wote wanakufa njaa. Akienda kuwinda, watoto wanabaki peke yao, na wanaoweza kuwaua ni wengi: simba, fisi, nyani, chatu, tai, na chui wengine.

Suluhisho lake lina sehemu tatu.

Kwanza ni ukimya. Mama akiondoka, watoto hawatoki na hawalii. Wanajibanza tu. Mama anaweza kuondoka kwa saa nyingi, hata siku nzima au zaidi kama mawindo yamekuwa magumu. Akirudi huwaita kwa sauti ya chini, kama anapumua kwa nguvu kupitia puani, na ndipo wanapotoka. Hawatoki kwa sauti nyingine yoyote.

Pili ni usafi. Mama huwalamba watoto mara kwa mara, na anapowalamba sehemu za nyuma huwasaidia kujisaidia haja. Uchafu huo anaula mwenyewe. Tusikunje pua. Harufu ni sawa na kibao kilichoandikwa "watoto wako hapa", na fisi anasoma kibao hicho kutoka mbali.

Tatu ni kuhama. Hata ukisafisha vipi, harufu hujijenga. Kwa hiyo kila baada ya siku kadhaa mama huwahamishia maficho mapya, akiwabeba mmoja mmoja kwa kuwashika ngozi ya shingo kwa meno. Mtoto akishikwa hapo hulegea mwili mzima, hajipindi wala halii. Safari hiyo ni ya hatari, maana akiwa na watoto wawili lazima amwache mmoja nyuma wakati anampeleka mwenzake.

Tukumbuke picha hii: kitoto cha chui kimejibanza peke yake chini ya jiwe, mama haonekani. Kwa mtu anayepita, hicho ni kitoto kilichotelekezwa. Kwa chui, hiyo ni Jumanne ya kawaida.

Shule bila likizo

Wakifikisha wiki sita hadi nane, watoto huanza kuonja nyama na kutoka mafichoni kwa safari fupi. Mama hawaletei chakula sikuzote. Mara nyingi huua, huficha mzoga, kisha hurudi kuwachukua na kuwaongoza mpaka kwenye chakula. Safari za namna hii ni masomo. Wanajifunza njia, maji yako wapi, miti gani inapandika, na nani wa kumkimbia. Chini ya mkia wa chui pana manyoya meupe, na mama akitembea huku ameukunja mkia juu, weupe huo huwa kama taa ya nyuma ya gari ambayo watoto huifuata kwenye majani marefu.

Kupanda mti ni somo la lazima. Simba anaweza kupanda kwa shida matawi ya chini, lakini mtoto wa chui aliyejua kwenda juu kwenye tawi jembamba amejiokoa. Mti pia ndio jokofu la familia. Chui huburuta mzoga wa swala hadi juu na kuuning'iniza kwenye panda, mahali ambapo fisi atabaki kutazama tu. Jike akifanikiwa hivyo, familia inakula siku mbili tatu bila kuwinda tena. Akichelewa, fisi wanamnyang'anya na kazi yote imepotea.

Kunyonya huisha wakiwa na umri wa miezi mitatu minne hivi, lakini kuacha ziwa siyo kujitegemea. Miezi inayofuata ni ya mazoezi. Watoto hunyatia mkia wa mama, hunyatiana wenyewe, kisha panzi, mijusi na ndege. Baadaye wanaingia kwa sungura, pimbi na digidigi. Mara nyingine mama huwaletea mnyama mdogo ambaye bado yu hai wajaribu wenyewe. Kukosa ni kwingi. Uwindaji wa chui unahitaji kumkaribia swala mpaka hatua chache kabla ya kuruka, na ustadi huo haupatikani kwa siku moja. Faida ya chui ni kwamba hachagui sana. Barani Afrika amerekodiwa akila zaidi ya aina 90 za wanyama, kuanzia panya hadi swala wakubwa. Mtoto anayejifunza ana mtaala mpana.

Kati ya miezi 12 na 18, wakati mwingine hadi miaka miwili, uhusiano hupoa. Mama anaanza kuwakoromea kwenye mzoga, anaondoka bila kuwaita, na mara nyingi anapata mimba nyingine. Hakuna mahafali. Boom imekatwa, geto hakuna, na mtaani umejaa wenyeji. Mabinti hubaki jirani, na mama huweza hata kuwamegea sehemu ya eneo lake. Vijana wa kiume hulazimika kwenda mbali kutafuta eneo lisilo na mwenyewe, wakipita katika maeneo ya madume wazima wasiowataka. Hicho ndicho kipindi ambacho wengi wao huingia mashambani na kwenye mazizi ya watu, kwa sababu hapo ndipo palipobaki bila dume mwingine.

Baba asiyelea lakini analinda

Mpaka hapa baba hajatajwa, na kweli hashiriki kulisha wala kufundisha. Lakini kusema hana kazi yoyote ni kukosea.

Dume mwenye eneo akijua amepandana na majike waliomo ndani yake, huwavumilia watoto wao. Ameonekana mara kadhaa akikaa karibu na watoto, hata kula nao mzoga mmoja. Kazi yake kubwa ni kuzunguka mipaka na kuwafukuza madume wengine. Na hilo ndilo linalowaweka watoto hai, kwa sababu dume mgeni akichukua eneo, jambo la kwanza analolifanya mara nyingi ni kuua watoto anaowakuta.

Ni jambo la kuumiza kulisoma, ila lina mantiki yake ya kibiolojia. Jike mwenye watoto hashiki mimba mpaka watoto wakue. Dume mgeni hajui atakaa na eneo hilo miaka mingapi kabla naye hajapinduliwa. Watoto wakifa, jike huingia tena kwenye joto baada ya muda mfupi, na watoto wanaofuata wanakuwa wa dume huyo mpya. Majike nao wana mbinu yao. Wengine hupandana na zaidi ya dume mmoja, na dume asiyekuwa na hakika kama watoto ni wake ana sababu ndogo ya kuwaua.

Utafiti wa Sabi Sand, Afrika Kusini, unatupa kipimo. Pale waongoza watalii wamekuwa wakiwafuatilia chui mmoja mmoja kwa jina kwa takriban miaka 30, na kumbukumbu zao zilichambuliwa na wanasayansi. Walikuta kwamba watoto waliofikia umri wa kujitegemea hawakufika hata 4 kati ya 10. Na miongoni mwa sababu za vifo, kubwa kuliko zote haikuwa simba wala fisi. Ilikuwa madume wa chui.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme jike amebahatika kuishi muda wa kutosha kuzaa mara tano, watoto wawili kila mara. Hao ni kumi. Kwa kiwango kile, wanaofika utu uzima hawazidi wanne. Kumbuka hii ni ndani ya eneo lililolindwa vizuri, pasipo mitego wala sumu. Waliosema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, walikuwa wanazungumzia binadamu, lakini chui angeweka sahihi.

Sasa tuhesabu upya

Turudi kwenye swali la mwanzo. Chui mmoja ameuawa. Hesabu ni ngapi?

Kama ni jike mwenye watoto chini ya mwaka mmoja, jibu ni yeye pamoja na watoto wote. Hawajui kuwinda, na hakuna shangazi wa kuwachukua. Na aliyemuua huenda hatajua kamwe, kwa sababu watoto walikuwa wamejibanza kimya mahali pengine, kama walivyofundishwa. Mtego wa waya uliowekwa kwa ajili ya swala haujui kuchagua, na mzoga uliotiwa sumu kwa ajili ya fisi hauulizi nani ananyonyesha.

Kama ni dume, watu wengi husema afadhali, maana dume halei. Hapa ndipo somo la baba linapotuhusu. Ukimwondoa dume mwenye eneo, unawafungulia mlango madume wageni, na watoto wa majike yote ya eneo hilo wanaingia hatarini. Jambo hili lilionekana wazi Phinda, katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Madume walipokuwa wakiuawa kwa wingi kuzunguka hifadhi ile, kwa uwindaji na kwa ugomvi na wafugaji, wageni walipishana na watoto walikufa. Kuanzia 2005 utaratibu wa uwindaji ulibadilishwa na wafugaji wakasaidiwa kulinda mifugo yao. Mauaji yakapungua, na watoto wengi zaidi wakakua.

Kwetu Tanzania suala hili si la nadharia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Tanzania inauruhusu, na mgawo wake wa kimataifa kwa chui umekuwa 500 kwa mwaka, kwa masharti kwamba wanaopigwa wawe madume tu. Lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2000, uliopima ngozi za chui waliowindwa nchini, ulikuta kwamba zaidi ya robo walikuwa majike. Kumtofautisha dume na jike usiku, akiwa juu ya mti, si jambo jepesi. Siandiki haya kusema uwindaji wote ufungwe kesho. Kuna vijiji na mapori ya akiba yanayoutegemea, na mjadala huo una pande zake. Ninachosema ni kwamba mjadala ukifanyika kwa kuhesabu vichwa vilivyopigwa tu, bila umri wa dume na bila watoto waliobaki, unafanyika kwa takwimu pungufu. Wenzetu wa Zoolojia, hapa pana mada ya tasnifu.

Tukumbuke pia kwamba chui ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa wanyama walio hatarini, na tathmini ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba duniani amepoteza kati ya asilimia 63 na 75 ya maeneo aliyokuwa akiishi zamani. Unguja ni mfano wa karibu. Kisiwani kulikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara. Watu waliamini kwamba wapo chui wa msituni na wapo chui wa kufugwa, ambao wachawi huwalea kwa siri na kuwatuma kudhuru majirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 zilifanyika kampeni za kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu wengi waliona kwamba huenda ametoweka, na mpaka leo kila taarifa ya kuonekana kwake huzua ubishi. Mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilea, watu walimtungia mlezi. Na mlezi huyo wa kutungwa ndiye aliyesaidia kummaliza.

Ukikutana na kitoto cha chui

Wengi wetu tutakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo vijijini, wengine tutaajiriwa huko. Inawezekana kabisa mtu akakuletea kitoto cha chui kwenye kikapu, au ukakikuta mwenyewe. Nia njema ndiyo itakayokiua.

Ukikikuta kiko peke yake, usikiguse. Uwezekano mkubwa ni kwamba mama yupo na atarudi, na pia yawezekana yuko hatua chache kutoka hapo ulipo. Rudi nyuma polepole kwa njia uliyojia, usipige selfi, usirushe mahali hapo mtandaoni, kisha toa taarifa kwa askari wa wanyamapori au uongozi wa kijiji. Kukichukua pia ni kosa kisheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumiliki mnyamapori bila kibali.

Na usidhani utakilea halafu ukirudishe. Joy Adamson, yule aliyejulikana duniani kwa simba aitwaye Elsa, alijaribu mwishoni mwa miaka ya 1970 katika Hifadhi ya Shaba, Kenya, akimlea chui jike aliyemwita Penny. Ilikuwa kazi ya kila siku, kwa miaka, ya mtu mwenye uzoefu mkubwa, kwa ajili ya chui mmoja. Wewe una mitihani ya muhula.

Vipi kuhusu mnyama mwingine kukichukua? Julai 2017, eneo la Ndutu huko Ngorongoro, simba jike aitwaye Nosikitok alipigwa picha akinyonyesha kitoto cha chui cha wiki chache. Picha zilizunguka dunia nzima kwa sababu ni jambo la nadra mno. Kwa kawaida simba akikuta kitoto cha chui anakiua. Tusijenge matumaini ya uhifadhi juu ya muujiza wa siku moja.

Na mfugaji naye?

Makala ya wanyama huwa rahisi kuandika ukiwa hosteli. Mtu aliyeamka akakuta mbuzi sita wamekufa zizini ana hesabu nyingine. Mbuzi hao ndio ada ya mtoto, pengine ndio ada ya mmoja wetu anayesoma hapa. Kwa Tanzania kuna malipo ya serikali yanayoitwa kifuta jasho kwa hasara ya mali na kifuta machozi kwa mtu aliyeumia au kufa, na majina yenyewe yanakuambia kwamba hiyo si fidia kamili.

Lakini hapa malezi ya chui yanatupa njia ya kufikiri. Mtoto hujifunza kuwinda kile ambacho mama anakiwinda. Mama akikuta zizi halipenyeki, watoto wake hawajifunzi zizi. Huko Simanjiro, shirika la African People & Wildlife na wafugaji wamejenga maboma wanayoyaita kuta hai: nguzo ni miti inayochipua, na kati yake umefungwa wavu wa chuma. Kadiri miti inavyokua ndivyo ukuta unavyoimarika, ng'ombe na mbuzi wanalala salama, na hakuna sababu ya kuweka sumu. Hiyo ni njia ya bei nafuu kuliko kuua, kwa sababu ukimuua chui mwenye eneo huondoi chui. Unakaribisha kijana mwingine asiye na eneo, mwenye njaa, asiyejua mipaka ya kijiji.

Hivyo basi, mara nyingine ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba "chui mmoja ameuawa", uliza maswali matatu kabla ya kuipokea namba hiyo. Alikuwa jike au dume? Kama ni jike, alikuwa ananyonyesha? Kama ni dume, nani anachukua eneo lake sasa? Majibu yake hayatakuwa kwenye taarifa. Yatakuwa chini ya jiwe fulani, kimya, yakisubiri sauti ya mama.